Daftari la Mihogo: Biashara Ndogo Pasiansi Katika Miaka Migumu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya biashara ndogo hapa Pasiansi. Sababu yake ni kwamba vijana wa kidato cha tano na sita wamekuwa wakimuuliza jinsi ya kuanzisha biashara kwa njia ya intaneti wakati ajira ni chache na fedha ni ngumu. Mimi si mtaalamu wa uchumi. Nilikuwa karani wa bohari kwa muda mrefu, na sasa nauza dagaa kwa simu. Lakini nimeishi Pasiansi tangu utoto, nimeona maisha yakikaza mara tatu, na mara zote tatu nyumba yetu iliendeshwa na biashara ambayo mtaji wake haukuzidi bei ya baiskeli. Nitasimulia niliyoyaona, na pale nilipokosea mwenyewe sitajificha.

MWAKA WA FOLENI

Wageni huijua Pasiansi kwa kuwa ipo kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na kwa sababu ya Chuo cha Wanyamapori kilichoanza mwaka 1966. Sisi wenyeji tuliijua kwa mawe yake makubwa na kwa harufu ya samaki iliyopanda kutoka ziwani kila asubuhi. Mwaka 1981, nilipoingia kidato cha kwanza katika shule yetu, nchi ilikuwa tayari imebanwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha za kigeni, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena. Bidhaa ziligawiwa na kampuni za biashara za mikoa, yaani RTC, kisha zikafika katika maduka ya ushirika na maduka ya kaya, huko nasi tukipanga foleni.

Wenzangu wa bweni watakumbuka ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano tuliouita hivyo kwa rangi ya jezi. Watakumbuka pia kufulia mashati kwa majani ya mpapai, kwani mche wa sabuni ulikuwa kitu cha kufichwa chini ya godoro. Vijana wa leo wasidhani tunatia chumvi. Hata chumvi yenyewe ilikuwa na foleni yake.

Mama yangu alikuwa akiuza maandazi. Unga wa ngano na sukari vilipokosekana hakufunga biashara, aligeuza. Akaanza kuchemsha mihogo na kukaanga furu, wale samaki wadogo waliokuwa wengi ziwani wakati ule. Kipande cha mhogo kilikuwa senti 50, na furu watatu kwa shilingi moja. Meza yake ilikuwa chini ya mwembe, karibu na njia ambayo wanafunzi wa shule yetu waliitumia kutoroka jioni. Sitaeleza zaidi juu ya njia hiyo, maana nasikia bado inatumika.

Machi 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Walengwa walikuwa walanguzi wakubwa waliofungia mali maghalani, lakini hofu haikuchagua. Tulisikia habari za watu waliotupa vitenge na sabuni porini au majini usiku. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, na wachuuzi wa mijini wakawa na wasiwasi wa kuhesabiwa miongoni mwa wazururaji. Siku moja mama alijificha nyuma ya jiwe na karai lake la mafuta ya moto, akisubiri mgambo wapite. Baadaye leseni za Nguvu Kazi zilitolewa kwa wafanyabiashara wadogo, naye akapumua.

Fedha taslimu zilikuwa chache mikononi mwa watu, hasa katikati ya mwezi. Mama alikopesha. Aliandika katika daftari la mazoezi la kurasa 64, ambalo kwa kweli lilikuwa daftari langu la Jiografia. Nilichapwa viboko vinne kwa kulipoteza, na sikuthubutu kusema lilikuwa wapi. Ndani yake mlikuwa na majina, au alama kwa wale ambao mama hakuwajua majina: "mrefu wa bweni la juu", "fundi cherehani", "yule wa miwani". Mbele ya kila mmoja iliandikwa siku, idadi ya vipande, na deni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama hakuwa na mali, lakini daftari alikuwa nalo.

RUKSA, SANGARA NA KUPUNGUZWA KAZINI

Bajeti ya Juni 1984 ilifungua mlango kidogo. Shilingi ilishushwa thamani, dola moja ya Marekani ikawa takriban Sh. 17/=, na wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuingiza bidhaa. Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu, na mwaka 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakajaa. Tatizo likahama: zamani tulikuwa na fedha bila bidhaa, sasa bidhaa zilikuwapo na fedha hazikuwapo.

Ziwani nako mambo yalibadilika. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na furu wakaadimika. Karai la mama likakosa kazi. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu viliota Mwanza, ndege zikabeba sangara kwenda Ulaya, na wengi wetu tukapata kazi humo. Mimi nilikuwa nimepunguzwa mwaka 1993 kutoka shirika moja la umma, wakati mashirika hayo yalipokuwa yakirekebishwa na kuuzwa. Nikawa karani wa bohari katika kiwanda kimojawapo cha samaki. Machi 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu kwa madai kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu, na kwa miezi kadhaa kazi ilisimama. Hapo nilijifunza kwamba mshahara wangu ulitegemea uamuzi wa watu wa Brussels ambao hawajapata kusikia jina la Pasiansi.

Katika miezi ile ya mwaka 1999 mke wangu alikaanga vitumbua na mimi nikavitembeza kwa baiskeli hadi Kirumba. Kiwanda kilipofunguliwa tena, niliacha biashara siku ileile. Ndivyo tulivyo wengi: biashara ndogo tunaiona kama mwavuli, mvua ikikatika tunausahau kwenye basi.

SIMU YAINGIA MFUKONI

Simu za mkononi zilienea Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndugu msomaji kijana, usidhani zilianza kwa mambo ya picha. Kwanza zilikuwa za kupiga, tena kwa dakika za kuhesabu, na wengi tulibipu. Jambo kubwa lilikuja mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini baada ya kutangulia Kenya mwaka 2007. Kabla ya hapo, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka gunia la dagaa kutoka Mwanza ilimlazimu asafiri, au ampe fedha dereva wa basi na kuomba Mungu. Baada ya hapo fedha zilisafiri kilometa 1,100 na ushei kwa muda wa kumeza mate. Mwaka 2009 waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na intaneti ikaanza kushuka bei, hatimaye ikaingia katika simu za watu wa kawaida.

Hivyo njia ya fedha ikawa imepatikana na njia ya habari ikapatikana, na mabasi yalikuwapo. Swali moja tu halikujibiwa na mitambo hiyo yote: mnunuzi asiyekuona, na asiyeona mzigo, akuamini kwa lipi?

DAGAA KWA WHATSAPP

Mwaka 2020 nilikuwa bohari katika kampuni moja iliyopeleka watalii Serengeti. Machi 16 ulitangazwa ugonjwa wa Corona nchini, kesho yake shule zikafungwa, na Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hadi Mei. Watalii waliofika Tanzania mwaka 2019 walikuwa takriban milioni 1.5, na mwaka 2020 hawakuzidi sana 620,000. Sikuhitaji takwimu hizo kujua. Mwisho wa Aprili niliambiwa nipumzike nyumbani hadi nitakapoitwa. Sikuitwa. Nilikuwa na umri wa miaka 54 na mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Nilikuwa na Sh. 380,000/=. Nilikwenda Mwaloni Kirumba, soko kubwa la dagaa na samaki wakavu, nikanunua kilo 60 za dagaa. Kwa wasiojua kazi hii, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi husimama, kwa kuwa taa haiwavuti tena. Kisha huanikwa juani. Wakianikwa mchangani hubeba mchanga, na wakianikwa juu ya vichanja vya nyavu huwa safi. Mimi na mke wangu tuliwachambua, tukatoa mchanga na vichwa vilivyovunjika, tukapima kwa mizani na kufunga kilo moja moja.

Nikaandika katika kundi la WhatsApp la sisi tuliomaliza mwaka 1984: dagaa wa Mwanza, wamechambuliwa, kilo Sh. 7,000/=, nauli ya mzigo juu yangu. Siku mbili nilipata vidole gumba na vicheko. Mmoja aliuliza kama karani amegeuka mvuvi. Nisiwalaumu. Katika simu zao walikuwa wamekwisha tapeliwa viatu, mashamba na hata ng'ombe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa najitembeza.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja aliyeko Dar es Salaam aliniandikia pembeni. Alisema: "Mama yako alinikopesha mihogo nikiwa sina hata thumni. Natuma fedha za kilo kumi sasa hivi." Zikaingia Sh. 70,000/=. Mama alikuwa ameshafariki miaka mingi. Nilifungua sanduku lake la bati, nikatafuta lile daftari, na nikamkuta humo: Sh. 6/50, hazikulipwa hadi leo.

Mzigo wake ulipanda basi alfajiri, nikampigia picha stakabadhi, na usiku akaupokea Ubungo. Kesho yake aliweka kundini picha ya sahani yake. Mwezi huo niliuza kilo zote 60. Kufikia Oktoba nilikuwa nauza kilo 100 kwa mwezi, kwa wenzetu na kwa jamaa za wenzetu, hata kwa watu nisiowafahamu kabisa. Siku za uchaguzi mwishoni mwa Oktoba mitandao ilizorota, WhatsApp ikawa shida, nikapiga simu za kawaida mtu mmoja mmoja. Biashara haikufa.

MVUA YA NOVEMBA

Sasa nifikie sehemu ambayo Mhariri alitaka niifupishe, nami nikakataa.

Novemba 2020 nilipokea oda za watu 14, jumla kilo 120, fedha Sh. 840,000/= zikiwa zimelipwa zote. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, dagaa wakavu wakapanda bei. Mchuuzi mmoja akaniuzia kilo 120 kwa Sh. 4,500/= kila kilo, bei rahisi kwa siku zile. Nilitia mkono ndani ya gunia nikahisi ubaridi. Nilijua. Karani wa bohari wa miaka ishirini na zaidi hakosi kujua unyevu. Lakini wateja walikuwa wakingoja, nami nilijiambia watakaukia njiani. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini dagaa wabichi katika mfuko wa plastiki huoza.

Baada ya siku nne zilianza kuja picha. Ukungu wa kijivu, na mwingine akaandika kwamba mkewe amefungua mfuko jikoni na wageni wamekimbilia nje. Watu tisa walilalamika. Watano walinyamaza, miongoni mwao yule wa mihogo.

Nilipiga hesabu. Nikiwarudishia wote 14, nilihitaji Sh. 840,000/=. Baada ya manunuzi na nauli, nilikuwa na Sh. 380,000/= pamoja na mtaji wangu wote. Nikiwarudishia tisa tu, ningeweza kukopa kidogo na kuendelea. Hao watano hawakusema neno, pengine mizigo yao ilikuwa mizima. Usiku kucha niliipindua hesabu hiyo. Nilikuwa na mabati 30 niliyoyaweka kwa ajili ya kuezeka vyumba viwili vya nyuma, tulivyotaka kupangisha tule uzeeni.

Mke wangu hakunishauri. Alikwenda akalileta daftari, akanionyesha ukurasa ambao sikuwahi kuutilia maanani. Kwa mwandiko wa mama, tarehe ya Agosti 1983, imeandikwa: "Leo mihogo michungu. Nimerudisha." Chini yake kuna orodha ya watu 23, kila mmoja na senti zake. Wengine kati yao ni wale wale waliokuwa wakidaiwa. Mama alirudisha fedha kwa watu waliokuwa na deni lake! Hakuchanganya hesabu hizi mbili.

Niliyauza mabati. Nikawarudishia wote 14, na kila mmoja nikamwandikia kwamba kosa ni langu, kwani niligusa unyevu nikajidanganya. Kati yao 11 walinunua tena kabla ya Pasaka iliyofuata. Wawili hawakurudi, na sina haki ya kuwauliza. Yule wa mihogo alikaa kimya miezi minane. Kisha akaagiza kilo 40 za msiba wa babake, akitaka zifike keshokutwa, bila hata kuuliza kama zimekauka. Zilikuwa zimekauka. Nilizilalia mlango mmoja nazo.

YALIYOBAKI

Tangu hapo mengine yamepita. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile kilichoanza Desemba 2018 kwa Sh. 20,000/=, nilikikata, na kilinikumbusha leseni ya Nguvu Kazi ya mama. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, na wateja wangu wa kilo moja moja walipungua hata baada ya kupunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Nikawaomba waungane watatu watatu, walipe kwa muamala mmoja. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora nchini. Siku hiyo nilifungua daftari langu, maana nami ninalo sasa, la kurasa 200, lenye jina, simu, kilo, tarehe ya kuanikwa na jina la kisiwa walikotoka dagaa. Nikapiga simu, na mabasi yakabeba mizigo kama kawaida. Vyumba vya nyuma viliezekwa mwaka 2023.

Kwa hiyo, wadogo zetu mlio madarasani, mnaponiuliza intaneti ina siri gani, nitasema hivi. Intaneti imeurefusha mkono wa mama yangu kutoka chini ya mwembe hadi Mbagala na Arusha. Haikubadilisha mkono wenyewe. Biashara nilizozisimulia hapa zilianzishwa na watu waliokosa njia nyingine, kwa mtaji wa kuchekesha. Zilizosimama zilisimama kwa sababu mtu fulani alikubali kutoa mhogo kabla ya fedha, au fedha kabla ya dagaa, na wa upande wa pili hakumwangusha. Anzeni kwa kitu mnachokijua kwa mkono, hata mkifumba macho. Wauzieni kwanza wanaowajua, maana hao ndio watakaowaambia ukweli. Andikeni kila shilingi. Na siku mtakapogusa unyevu ndani ya gunia, msijiambie watakaukia njiani.

La mwisho ni kwa wazee wenzangu. Katika daftari la mama, madeni ya wanafunzi wa shule yetu ya mwaka 1983 na 1984 yasiyolipwa hadi leo ni Sh. 214/50. Fedha hizo leo hazifiki mbali, na wenye nazo nimekwisha wasamehe, akiwamo yule wa Sh. 6/50. Hata hivyo nitakuja nalo siku ya mkutano wetu na kuliweka mezani karibu na kitabu cha wageni. Majina sitayasoma. Kila mtu ajitafute mwenyewe.